Hapa Ndipo Tunapogeuza

Saa nne na robo usiku nabadilisha viatu.
Vya theluji navilaza juu ya bomba la joto,
vya mpira naviingiza miguuni, na zamu imeanza.
Renata ananikabidhi funguo na daftari:
namba tatu hajala, namba saba kalala, usimwamshe,
namba kumi na moja anamngoja mumewe.

Mumewe alikufa mwaka ule wa mafuriko.
Daftari halisemi. Zamani tulimwambia kila asubuhi,
na kila asubuhi akafiwa upya,
mpaka mkuu wa nyumba akasema basi.

Uzito wa kazi hii waulize wenye migongo.
Mzee Oldřich ana kilo tisini na mbili.
Kumgeuza kuna hesabu yake: goti langu hapa, bega lake pale,
moja, mbili, pumzi.
Alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja
chini ya mji huu wa Ostrava,
pengine chini ya kitanda hiki hiki,
na kabla ya kulala lazima anawe.
Namletea beseni. Anasugua kucha
zilizo nyeupe kama ganda la yai.
"Vumbi bado limo," ananiambia.
Nachungulia maji, safi kama yalivyotoka bombani.
"Kweli, limebaki kidogo,"
namwongezea sabuni.

Husemwa mgonjwa haulizwi uji.
Hapa huulizwa, kwa fomu:
wa kawaida, laini, uliosagwa,
tia alama, weka saini.
Dada yangu naye huniuliza, harufu je?
Harufu niliizoea siku ya nne.
Mshahara ndio sijauzoea.

Saa nane Bi Drahomíra anaanza kutaja vituo.
Aliendesha tramu hadi macho yalipomkataa.
"Kituo kijacho, Sokoni.
Kituo kijacho, Hospitali ya Wachimbaji.
Kiwandani, mwisho wa njia, tunageuza."
Akiruka kimoja hukasirika, hurudi mwanzo,
na ukuta wa pili namba saba anaamka.
Basi nimejifunza kupanda.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, natoa tiketi,
yaani kadi yangu ya chakula.
Anaisogeza kwenye taa.
"Imekwisha muda, bibi."
Natazama. Ni kweli. Tangu Januari.

Nisijipake asali.
Novemba nilimfokea Bi Zdenka,
chai ya tatu juu ya shuka ya tatu,
na zamu ile nilikuwa peke yangu kwa watu kumi na tisa.
Nilimfokea hadi korido ikaitika.
Akajikunja, akasema: "Samahani, mama."
Yeye ana miaka themanini na tisa,
mimi arobaini na mbili.
Nikaenda chumba cha mashuka, nikazima taa,
nikaegemea rafu zenye joto la mashine
kwa muda wa kuhesabu mia,
nikarudi na shuka ya nne.
Sijamwomba radhi. Ameshasahau,
na kumwomba ni kumkumbusha.
Ama ni woga wangu. Sijui.

Alfajiri, namba kumi na moja, Bi Květa,
amejichana, ameketi, mkoba magotini.
"Amefika?"
"Bado. Theluji imefunga njia."
(Kiangazi husema tramu imeharibika.)
Anafikiri, anafungua mkoba, anaufunga.
"Mwambie asikimbie. Barafu inateleza."

Naandika daftarini: usiku shwari.
Navaa viatu, vimekauka, vimekakamaa.
Kituoni tupo watatu, hatusalimiani.
Kiti cha dirishani kina joto chini yake,
mikono yangu inanuka sabuni ya Mzee Oldřich,
Sokoni nimeisikia, Hospitali sikuisikia.
Kijana wa kike mwenye hereni puani
ametoka kwenye kiti cha dereva,
ananigusa bega, taratibu, kama mtu aliyefunzwa.
"Mama," ananiambia,
"mama, hapa ndipo tunapogeuza."